Baba alipopanda Kitonga kwa miguu

Jana mwanangu wa mwisho alikuwa anatafuta mpira wake kwenye buti, akakutana na lile dumu la maji. "Mama, gari si zima hili? Haya maji ya nini?" Nikamjibu ya kunawa mikono. Hakuniamini, akaenda kwa baba yake, na baba yake bila hata kuinua macho kwenye simu akamwambia, "Kamuulize babu yako wa Makambako." Basi tangu jana niko kwenye mlima wa Kitonga kwa mawazo.

Ile Toyota Starlet yangu ya zamani wengi wenu mnaikumbuka. Nyekundu, ila boneti ilikuwa imepaushwa na jua mpaka hujui uiite rangi gani, na mlango wa abiria ukitaka kuufungua lazima mtu aliye ndani akusaidie. Modeli ya EP82, injini ya 4E, cc 1,300 na ushee, gia za mkono. Mafuta ilikuwa hainywi, inanusa tu. Kwa mizunguko ya Kimara hadi Posta nisingeibadilisha na gari la mtu yeyote. Lakini ni gari ambalo lenyewe halifiki tani moja, na siku hiyo lilipakiwa watu wazima watatu, gunia la nazi, mabegi, na juu ya keria, limefungwa kamba za manila pande zote, cherehani la mama.

Na si cherehani la mkono. La miguu, lenye stendi ya chuma na meza yake. Mama alilikuta Kariakoo walipokuja Dar kwa mambo yao ya hospitali, akalilipia kabla hajamwambia mtu. Ilikuwa Desemba 2010, tunaelekea Krismasi, mabasi ya mikoani yamejaa, na kila aliyeulizwa kuhusu mzigo ule alicheka. Nikasema basi, nitawapeleka mwenyewe.

Baba aliuzunguka mkweche wangu alfajiri ile, taratibu, mikono nyuma. Akabonyeza tairi la nyuma kwa ncha ya kiatu.

"Hiki ndicho kitatufikisha Makambako?"

"Kitatufikisha, baba."

"Sisi na hayo machuma?"

Mama alikuwa ameshakaa ndani, siti ya nyuma, mkoba mapajani, anaangalia mbele.

Inabidi mjue kwamba kwa baba yangu barabara ni kitu cha watu waliokosa treni. Ujanani alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, kile kipande cha Mlimba kupanda Makambako ambako Wachina walitoboa mahandaki mlima kwa mlima. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na sijawahi kukaa naye saa moja bila kuitaja hiyo namba. Basi kila tulipopanda kilima, alitoa taarifa: reli haikupita hapa. Kila tulipokuta lori limeanguka: behewa halianguki hivi. Nikamwachia aseme. Mwanamke akimwendesha baba yake mzazi, na baba mwenyewe hajui kuendesha, heri masikio yawe mazito.

Kibaha, Chalinze, chai Morogoro. Trafiki walitusimamisha, wakaangalia stika ya bima, wakaangalia stika ya Nenda kwa Usalama, wakaangalia cherehani, wakaturuhusu huku wanacheka. Mikumi baba alichangamka kidogo kwa sababu ya ule ubao wa faini za kugonga wanyama. Alisoma bei zote kwa sauti, mnyama mmoja mmoja, akahitimisha kwamba ukimgonga twiga uza gari, ukimaliza uza na nyumba. Nilitembea chini ya ile kilomita 70 kwa saa yao bila kuambiwa na mtu. Starlet yenyewe haikuwa na haraka.

Ruaha Mbuyuni ndipo hali ya hewa ilipochafuka, ndani na nje ya gari. Pale bondeni mwezi wa 12 joto halina mchezo, mibuyu imesimama na majani yake machache, na vijana wanakuletea vitunguu mpaka dirishani. Mama akataka sado mbili. Baba akasema hakuna kitunguu kitakachopanda kwenye gari hili. Mama akamlipa kijana, akavipokea kupitia dirishani, akaviweka miguuni pake. Kutoka pale mpaka Mahenge hakuna aliyeongea.

Halafu Kitonga.

Anayeijua anaijua. Asiyeijua achukue ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, katikati barabara inayojikunja na kupanda bila kukupa nafasi ya kupumua, na kwenye barabara hiyohiyo malori ya Zambia na Kongo. Yanayoshuka yamebeba shaba na yananuka breki. Yanayopanda yanakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Ukishakaa nyuma ya semi pale huna pa kupita. Unakula gia namba moja, unapumua moshi wake, na upepo wa kupoza rejeta haupo kwa sababu hamwendi.

Mshale wa joto ulianza kupanda kona za mwanzo tu. Nikafanya nilivyofundishwa na fundi wangu: nikafungua vioo vyote, nikawasha hita mpaka mwisho. Hita inavuta joto kutoka kwenye injini, inalileta ndani. Na kweli lilikuja. Mama nyuma akajitoa ushungi, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumekukosea nini?" Mshale ukatulia kidogo. Tukakunja kona nyingine, lori la mbele likapunguza zaidi, mshale ukaondoka mzima mzima mpaka kwenye nyekundu, na mvuke ukaanza kutoka pembeni ya boneti. Kulikuwa na upenyo upande wa mwamba, mahali malori hujiegesha. Nikaingiza, nikavuta hendibreki, nikazima.

Mbele yetu palepale kulikuwa na Scania yenye tela, imesimama nayo ipumue. Salfa ya kwenda migodini Kongo. Turubai lote lilikuwa na vumbi la njano. Utingo wake, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu katika joto lile, alikuwa ameshaweka kigogo nyuma ya tairi. Aliponiona nafungua boneti alikuja anakimbia.

"Dada, mfuniko usiguse! Utababuka uso mzima."

Sikuwa na nia ya kuugusa, lakini nilimshukuru. Akachukua jiwe akaliweka nyuma ya tairi letu pia, akavunja matawi akayatandaza barabarani nyuma yetu, ndipo akarudi kumwamkia baba. "Shikamoo mzee." Baba akaitikia. Tukasimama wote tunaangalia rejeta inavyochuruzika. Nyani wawili walikuwa wamekaa kwenye kingo za barabara, nao wanaangalia.

Baada ya muda utingo akainua macho kwenye keria.

"Mzee, tatizo lenu ni mzigo. Hilo cherehani tulipandishe kwenye tela mpaka Ilula. Mtalikuta pale, ninyi mje wepesi."

"Umesema la maana," baba akajibu, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye fundo la kamba.

Mama alishuka. Hakusema neno mpaka alipofika pale kwenye fundo. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa baba. Hakuusukuma, aliuweka tu.

"Likishuka hili, na mimi nashuka nalo."

Kwa miaka yote niliyokaa nyumbani kwao sikuwahi kumsikia mama akimwambia baba hapana mbele ya mtu wa nje. Utingo aligundua kuwa ana kazi fulani kwenye matairi ya mbele ya lori. Mimi nilijifanya nasoma maandishi ya betri. Baba alimwangalia mama, akaliangalia cherehani, akaiangalia Starlet kuanzia taa za mbele mpaka tairi la nyuma lililolala kwa uzito, polepole, vilevile alivyoizunguka alfajiri. Kisha akafungua mlango, akachukua koti lake la suti, akalitundika begani, akachukua mwavuli, akaanza kupanda mlima.

"Baba! Unakwenda wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

Hakugeuka. Mwavuli wake ulikuwa unagonga lami, ko, ko, ko, mpaka akakunja kona na mwamba ukamficha.

Nilitaka kumfuata, mama akasema mwache. Akakaa kwenye jiwe, akaanza kukaza upya ile kamba iliyokuwa imelegezwa.

Tulisubiri mpaka bomba la juu la rejeta likashikika kwa mkono. Utingo akafunika mfuniko kwa tambara bichi, akauzungusha robo, ukatoa pumzi ya mwisho, akautoa. Akaniambia niwashe injini iachie tu, naye akawa anamimina maji kidogokidogo. Ukiyamwaga ya baridi yote kwa mpigo kwenye injini yenye moto unapasua silinda hedi, na silinda hedi ikipasuka Kitonga utalala na hao nyani. Dumu letu dogo likaisha. Akaleta la kwao, la lita 20, akajaza rejeta na akabakiza. Suka wake, yaani dereva, akapiga honi, kigogo kikatolewa, semi likaondoka kwanza.

Tuliwafikia muda si mrefu. Na picha hii ndiyo iliyonikaa kuliko yote ya safari ile: mbele yangu tela la njano linapanda, na kando ya tairi la nyuma kabisa watu wawili wanatembea, utingo mikono mitupu, na baba yangu, shati lake la Jumapili limelowa mgongo mzima, kigogo cha lori kiko begani kwake. Walikuwa wanaongea. Baba alikuwa anaonyesha kwa mwavuli mlimani, na nina hakika kabisa alikuwa anaelezea mahandaki. Mimi nyuma yao na gia namba moja, hita inawaka, mama ananong'ona nyuma yangu, sijui ni sala au ni matusi.

Sehemu barabara ilipotanuka kidogo lori likajibana kushoto kwenye mwamba na suka akanipa indiketa. Nilipopita usawa wa baba nikapunguza nimchukue. Akapunga mwavuli kwa hasira: nenda, nenda, ukisimama hapa huondoki! Nikaenda. Mshale ulitulia katikati mpaka tukamaliza mlima.

Juu tuliegesha tukawasubiri. Walipofika, baba alimkabidhi utingo kigogo chake, wakashikana mikono. Mama akatoa sado moja nzima ya vitunguu akampa kijana, akamwita mwanangu. Baba akajifuta uso kwa leso, akaikunja, akairudisha mfukoni, akatamka:

"Sisi tulitoboa mlima. Ninyi mnaupanda."

Akaingia mbele, akalala. Alipita Iringa amelala, akaamkia Mafinga kwenye ile misitu ya misonobari na kuuliza kama tumeshanunua mkate. Makambako tuliingia usiku, upepo wake ukitupokea, mkoa bado unaitwa Iringa siku hizo. Cherehani halikuwa na mkwaruzo.

Sasa, alitembea kwa nini? Mdogo wangu, ambaye hakuwepo, anasema mzee alisusa, na kwamba angeendelea kususa mpaka Iringa kama asingechoka. Mama anasema alikuwa anapunguza uzito ili cherehani lisishushwe, na amelisema hilo mbele yake mara nyingi akiwa anatabasamu. Baba mwenyewe ana majibu yanayobadilika. Kuna mwaka alisema kiti kilikuwa kinamuumiza nyonga. Mwaka mwingine akasema alitaka kuona lile bomba la mafuta la Zambia limepita wapi. Mimi nimewahi kuwa upande wa mama, nikahamia kwa mdogo wangu, nikarudi. Siku hizi naona inawezekana mtu akasusa na kusaidia kwa hatua zilezile, ila nikijaribu kumweleza mume wangu inakuwa haieleweki.

Mngependa niwaambie mama alishona sare za shule akasomesha kijiji. Alishona mapazia, akashona mashuka mawili matatu, macho yakaanza kumsumbua. Cherehani liko sebuleni limefunikwa kitambaa, juu yake kuna redio ya baba. Starlet niliiuza kulekule Makambako miaka michache baadaye. Aliyeinunua anabebea viazi, na nasikia rejeta alishabadilisha.

Mwezi uliopita niliwapigia kuwaambia nitakwenda kuwachukua waje kwetu tena, na sasa gari ni kubwa, lina AC, wasiwe na wasiwasi na Kitonga. Baba akanyamaza kidogo kwenye simu.

"Wakati wa kurudi," akauliza, "mama yako anabeba nini?"