Nilipotea kwenye kumi na nne

Saa tano na nusu usiku, nina blanketi mbili na soksi na bado vidole vinagoma kuandika. Rumumeti wangu Mnyalukolo, yaani mtu wa hukuhuku nyanda za juu, kalala kifua wazi kama yuko Pangani, mi wa Pangani ndo nimejifunga taulo kichwani. Nilishawaambia huku Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na wanasema hii ndo miezi ya joto, ngoja Juni ifike. Lakini leo siandiki baridi. Leo naandika bibi wa kitanda cha sita, maana toka Jumanne nimejaribu kumwacha haachiki.

Ilikuwa hivi. Wodi ya wanawake, asubuhi, sisi wanafunzi wa uuguzi tumegawiwa vitanda vitatu vitatu, kazi yetu ni kupima joto, presha, mapigo ya moyo na upumuaji, ujaze kwenye chati kabla madaktari hawajaanza raundi. Mi kupima nimeshapima sana ila ni kule skills labu, tukipimana wenyewe kwa wenyewe au tukimpima yule dami wa plastiki tuliyempa jina la Mwenyekiti. Nikafika kitanda cha sita na mashine yangu ya presha nikaanza, kipimajoto kwapani, presha sawa, nikashika mkono nikahesabu mapigo dakika nzima, 96. Halafu upumuaji. Sasa upumuaji una ujanja wake, tyuta wa misingi ya uuguzi alitufundisha wiki za mwanzo kabisa, kwamba mgonjwa hatakiwi kujua unahesabu pumzi zake, maana mtu akijua anaangaliwa akipumua basi hapumui tena kawaida, anaanza kuvuta kwa mpangilio kama yuko kwaya. Kwa hiyo unabaki umeshika mkono uleule kama vile bado uko kwenye mapigo, kumbe macho yameshahamia kifuani, kikipanda na kushuka hiyo ni moja. Basi nimeshika mkono, macho kwenye blanketi lake, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne...

“Mjukuu wangu,” akasema, “umekuja kunisalimia au umekuja kunihesabu?”

Na mimi bila aibu, nadhani kwa kuogopa kupoteza hesabu, nikajibu, “Nakuhesabu, bibi.”

Wodi nzima. Kitanda cha tano alicheka mpaka kikohozi kikamkamata ikabidi akae. Bibi mwenyewe hakucheka, aliniangalia tu, akavuta blanketi likae vizuri, akasema, “Haya hesabu. Nipo mmoja.”

Nipo mmoja! Toka Jumanne hii sentensi inanifuata, nikinawa mikono naisikia, nikikaa kwenye foleni ya maharage naisikia. Na kila nikiisikia napata jibu zuri zaidi la kumpa. Jumanne usiku nilipata “yote mawili, bibi.” Jumatano nikaona hapana, ningesema tu “shikamoo” hapohapo, yeye angeitikia marahaba tukaanza upya kama watu. Leo nimeona hata hilo ni la kuombwa, salamu iliyoombwa haina utamu, ni kama zawadi uliyomkumbusha mtu akupe.

Kinachoniuma mnakijua nyie mnaoijua nyumba yetu. Mimi nimelelewa na mama ambaye akitoka kwenda dukani kununua chumvi anarudi adhuhuri, kwa sababu njiani kuna nyumba saba na kila nyumba ni umeamkaje, watoto hawajambo, mguu wa babu unaendeleaje, na ole wako upite kimya, habari itafika nyumbani kabla yako. Sisi watu wa pwani tunajisifu kwa kitu kimoja, salamu, hata tukiwa hatuna sukari salamu ipo. Halafu nimekuja kufundishwa kusalimia na bibi wa Kibena, kalala kitandani, ana nimonia.

Na tusisingizie chuo. Fungua cheklisti ya prosija yoyote, iwe kumwogesha mgonjwa kitandani, iwe kutandika kitanda chenye mtu juu yake, huko mwanzoni kabisa kumeandikwa msalimie mgonjwa, jitambulishe, mweleze unachotaka kufanya, omba ridhaa. Ina maksi. Mwenyekiti mimi nilimpa shikamoo ya heshima zote, nikamtajia jina langu na kwamba ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikamuuliza kalalaje, plastiki lile, na msimamizi akatiki. Kwa hiyo salamu ninayo, ila inaonekana nilishaihamishia kwenye karatasi.

Mengine ya wiki hii kwa kifupi: mtihani wa vitendo ule wa kuzunguka vituo kengele ikilia tumefanya Jumatano na nadhani kituo cha kunawa mikono niliwahi kumaliza, inatakiwa sekunde 40 mpaka 60 mi nilikimbia kama nanawa kula pilau, anatomia nimepata 61, binti mmoja wa darasani kwetu kaacha chuo karudi kwao, na Alhamisi nimeona mtu akifariki kwa mara ya kwanza, hiyo siwezi kuiandika bado.

Sasa kuna kitu nimekiruka hapo juu, na mpaka nafika hapa nilitaka kukiruka kabisa.

Wale walipocheka mi nilipotea kwenye kumi na nne. Saa ya ukutani nayo sikujua tena nilianzia wapi. Kitu cha kufanya kinajulikana, unaanza upya. Lakini kuanza upya maana yake ni kusimama tena pale dakika nzima nashika mkono wa mtu ambaye sijamsalimia, na wodi yote inaniangalia mimi sasa. Nikafungua chati nikaandika 18. Kwa nini 18? Kwa sababu mtu mzima wa kawaida anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, na 18 haimshtui mtu, inakaa kimya kwenye karatasi. Nikaenda kitanda cha saba, nikasalimia kwa sauti kubwa mpaka kitanda cha saba mwenyewe akashangaa.

Yaani aibu ya salamu ilikuwa kubwa mpaka ikaifunika hii nyingine. Nimekuja kuisikia baadaye, tuko kwenye sinki tunanawa, mwenzangu mmoja anasema kiutani kwamba yeye pumzi huwa hahesabu, anaandika ishirini, kila binadamu ni ishirini, tukacheka, mi nikacheka kuliko wote halafu nikasikia tumbo limekuwa baridi. Tyuta alisema pumzi mara nyingi ndo zinaanza kuharibika mtu anapozidiwa, kabla hata presha haijasema kitu. Na bibi ana nimonia. Nimonia! Ugonjwa ambao ukiambiwa uchague namba moja ya kuhesabu kwa uaminifu ungechagua hiyohiyo.

Nikarudi. Safari hii shikamoo kwanza, akaitikia marahaba bila maneno mengi, nikamwomba mkono nikahesabu dakika nzima. 26. Nikaenda kwa sista inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, na chati mkononi, miguu kama si yangu.

“Hii 18 ulihesabu?”

“Sikumaliza, sista.”

Nilitegemea kelele. Huyu ndo yule niliyewaandikia, aliyemrudisha mtu hosteli kwa ajili ya kucha. Hakupiga kelele. Alienda mwenyewe kitandani, akasimama dakika yake, akarudi akaniambia kata hiyo namba kwa mstari mmoja, isomeke, usiifute wala usiipake nyeupe, andika ya sasa na saa yake, saini pembeni. Nikafanya. Akasema “haya” akaendelea na kuhesabu dawa. Basi. Logibuku yangu, lile daftari la kusainiwa kazi za wodini, nilikuwa naona aibu kumpelekea asaini siku hiyo, akaniita yeye, “lete,” akasaini. Mpaka leo sijui kile kimya kilikuwa na maana gani na siwezi kumuuliza.

Msije mkadhani niliokoa mtu. Raundi ilipopita daktari alikuwa anajua tayari bibi anahangaika na kifua, dawa zilishaanza usiku wa kuamkia siku ile, namba yangu haikubadilisha kitu. Ila iko pale kwenye chati, 18 iliyokatwa mstari mmoja na saini yangu, kila anayefungua anaiona.

Jumatano nikaamua nitengeneze. Nilimwomba Mnyalukolo anifundishe salamu ya kwao, akaniambia rahisi tu, unasema kamwene. Nikaifanyia mazoezi bafuni. Nikafika kitanda cha sita, “Kamwene, bibi!” Jamani, uso wa yule bibi ulifunguka kama dirisha, akanimwagia Kibena kirefu, kinapanda kinashuka, mwishoni kikawa kama swali, na mi kwa kuwa nilishaanza siwezi kuishia njiani nikatabasamu nikasema “ndiyo, bibi.” Akafurahi zaidi. Akauliza tena, nikasema ndiyo tena. Kitanda cha tano kakohoa kwa kucheka kwa mara ya pili ndani ya siku mbili, ndo akanitafsiria, bibi aliuliza kama nimeshaoa, halafu akauliza kama na mtoto yupo. Kwa hiyo hii wodi mimi ni baba wa familia. Wanawake wananiita daktari japokuwa kila siku nasema mi ni mwanafunzi wa uuguzi, wenzangu wa kike wao wanaitwa sista hata kabla hawajavaa sare vizuri, sasa nimekuwa daktari na mke na mtoto ndani ya wiki moja, mama akisikia atauliza mahari ilitoka wapi.

Nikashika mkono. Bibi akaninong'oneza, “Hesabu, nimenyamaza.” Akaanza kunipumulia! Pumzi ndefu, safi, kifua kizima, ananisaidia. Ujanja wote wa tyuta umekufa, huyu alishajua. Sikuandika kitu. Nilisubiri mchana baada ya chakula alipopitiwa na usingizi, nikasimama miguuni kwa kitanda na saa yangu nikahesabu blanketi peke yake bila kumgusa. Ishirini. Nikarudia kwa sababu hakuna atakayeniamini, ishirini tena. Ishirini halali wallahi.

Ijumaa karuhusiwa, kaja kuchukuliwa na mwanawe na gunia la parachichi la kuwagawia watu, mi nilikuwa darasani. Mnyalukolo aliyekuwa shifti kaniletea mawili, kasema bibi ameagiza moja la mke wangu.

Nataka kulala lakini kuna hili lingine. Mama kapiga jioni mara mbili, kumbe wanatafuta funguo ya lile sanduku la marehemu babu, baba mdogo wa Muheza anakuja Jumanne na watu wa serikali ya kijiji kwa ajili ya mpaka wa shamba na karatasi zote zimo mle. Nikasema mama tafuteni kwenye kopo la majani ya chai, mi sijaigusa. Saivi nimeshika funguo zangu za loka nazihesabu, ni mbili toka nije, na hapa ziko tatu. Nikiipa basi la alfajiri ifike Makambako, Iringa, Morogoro, hapo Chalinze mtu aipokee ailipie gari la Tanga, na Chalinze mi simjui mtu hata mmoja.