Maneno ya Google kwa nyumba ndogo ya wageni

Mwenye vyumba vinne Jambiani, kijiji cha pwani Zanzibar, anayetaka wageni wampate Google aachane na maneno "hoteli Zanzibar". Hapo atapambana na tovuti kubwa kama Booking.com na Tripadvisor, na hatawaweza. Fungua dirisha la faragha (incognito) kwenye kivinjari, la sivyo Google itakuletea mambo uliyoyatafuta wewe mwenyewe. Andika "Jambiani", acha nafasi, usibonyeze Enter: yanayojitokeza chini ndiyo watu wanayoyatafuta. Rudia kwa Kiingereza na Kitaliano, maana wageni wengi hawatafuti kwa Kiswahili. Kati ya hayo chukua kifungu kirefu cha maneno, mfano "chumba cha familia Jambiani karibu na pwani", ukiweke kwenye kichwa cha ukurasa wa tovuti yako. Kurasa mbili zikigombea kifungu kimoja, Google huchagua yenyewe, pengine ile usiyoitaka. Baadaye tazama Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha tovuti yako inavyopatikana: kifungu kikikuweka ukurasa wa kwanza wa matokeo na watu hawakubonyezi, andika kichwa upya.