Vile tunashika pesa za kompaundi yetu Ruai bila watu kununiana

Kwetu tuko nyumba tisa ndani ya geti moja, Ruai, Nairobi, unatoka Kangundo Road unaingia ndani kidogo. Tulianza kama chama cha kawaida tu, tukanunua ploti, kila mtu akajijengea yake, lakini kisima ni kimoja, pampu moja, tanki moja ya juu, soja mmoja, na kuna ukumbi wenye jikoni ambapo Jumamosi jioni tunakula pamoja. Denmark watu wanaishi hivi tangu mtaa wao wa Sættedammen ulipoanza 1972, sisi tulifika hapo kwa sababu ploti ilikuwa bei na hakuna mtu angeiweza peke yake. Mimi ndio mweka hazina na watu huniuliza sana tunafanyaje, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja.

Kwanza, kwetu hakuna mtu aliiba. Nalisema mapema kwa sababu ukitaja tu kudhibiti matumizi watu wanakuangalia ni kama umewaita wezi. Kilichokuwa kinatumaliza ni "nirudishieni". Mtu anapita hardware, anakumbuka valvu ya tanki inavuja, ananunua, jioni anaandika kwa grupu: nimetoa 1,850 yangu mnirudishie. Mwingine amempa soja advansi. Mwingine ameita fundi wa geti Jumapili bila kuambia mtu. Mwisho wa mwezi una madai kibao na risiti mbili, zingine ati ziko kwa ile suruali nyingine. Na hao ndio watu wazuri kabisa, wale wa kujitolea, sasa ukikataa kumlipa umemvunja moyo na ukimlipa umefungulia kila mtu mlango.

Halafu pesa zenyewe zilikuwa kwa simu ya mtu binafsi. Wakenya mnajua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inavyofanya kazi, ukiwa na deni pesa yoyote ikiingia inakatwa hapo hapo, haiulizi kama ni yako ama ni ya maji ya nyumba tisa. Aliyeshika kabla yangu alikuwa mwaminifu sana, lakini michango ikiingia inapungua halafu inabidi ajaze kutoka mfukoni, na yeye hata hakuwa anataka kutuambia, tulikuja kujua baadaye. Hata ukitumia laini ingine ama Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, bado ni PIN ya mtu mmoja. Akiwa safari, akiwa hospitali, mnangoja.

Kwa hivyo tulienda kujisajili kama kikundi chini ya Community Groups Registration Act ya 2022, hiyo inafanyiwa kwa ofisi ya Social Development, mkiwa watu kumi kwenda juu, na katiba yenu na minitsi za kikao. Cheti kikitoka ndio benki inawafungulia akaunti ya kikundi. Yetu ina watu watatu wa kusaini, wawili wowote wanatosha, na kwa simu mmoja anaingiza malipo mwingine anaidhinisha. Tulikubaliana pia wawili wa nyumba moja hawawezi kusaini pamoja, yaani bwana na bibi hawaidhinishiani. Kuna mzee alikasirika, akasema tunaingilia ndoa za watu. Tukamwacha akasirike.

Matumizi yenyewe yako na ngazi. Chini ya 3,000 ni floti, yaani pesa kidogo anayoshika soja. Kutoka hapo hadi 20,000 ni wawili wa kusaini, baada ya picha ya kitu kilichoharibika na bei kuwekwa kwa grupu. Juu ya 20,000 ni kikao na bei za mafundi watatu. Pampu ikizima usiku hatungoji kikao, lakini mnaandika saa hiyo hiyo nani ameitwa na amesema ngapi.

Floti ndio imetuokoa, so nitaieleza polepole. Soja wetu ana laini ya simu ambayo si yake, ni ya kompaundi, na ndani kuna 5,000. Siyo 5,000 kila wiki, hapana. Ni kwamba wakati wowote ukienda kwake, salio ukijumlisha na risiti lazima vifike 5,000. Ijumaa ananipa risiti za, tuseme, 2,340, mimi nampelekea 2,340 kamili, si moja juu si moja chini. Hakuna risiti, hakuna kujaziwa. Na hakuna keshi, kila kitu ni M-Pesa, kwa sababu mtu wa mkokoteni hana risiti na wa boda hana, lakini meseji ya M-Pesa ina jina, saa na kiasi. Yeye huandika kwa daftari "sabuni ya tanki, boda" na nambari ya meseji kando, mwandiko mzuri kuliko wangu. Mtu akitaka valvu haendi kununua, anamwambia soja. Ukinunua mwenyewe bila kusema, huo ni mchango wako, unapigiwa makofi.

Hiyo ya makofi ilileta shida na shosho wa nyumba ya kwanza. Shosho anapenda maua, akaenda akanunua miche na mbolea, 1,200, akaja kwangu na karatasi imekunjwa kunjwa.

"Kijana, si maua yanapendeza?"

"Yanapendeza sana shosho. Ndio maana tutakupigia makofi."

"Makofi hayanunui sukari."

Nilinyamaza kwa sababu ni kweli. Kikao kilichofuata tulimpa bajeti yake, 1,000 kwa mwezi ya maua, inatoka kwa floti kwa risiti. Unajua tangu apewe haimalizi? Anabakisha, ati ya msimu wa mvua. Siku hizi mtu akisumbua sana na kitu fulani mimi napendekeza apewe hiyo bajeti aishike.

Kugawana nani analipa ngapi ndiko tulikaa sana. Wenye watoto wanne wanasema walipe kwa nyumba, anayeishi peke yake anasema kwa vichwa. Mmoja akaleta sheria ya Sectional Properties ya 2020, ile ya mafleti, ambayo michango inafuata yunit fakta ya kila mtu, yaani fungu lake kulingana na ukubwa wa nyumba, lakini zetu karibu zinatoshana kwa hivyo haikusaidia. Mwishowe tukatenganisha. Soja, taka, geti na akiba ni sawa kwa kila nyumba, kwa sababu mwizi haangalii uko na watoto wangapi. Maji kila nyumba ina mita yake ndogo na unalipa ulichotumia. Chakula unalipia sahani.

Stima ya pampu iko na mita yake ya tokeni. Zamani tulinunua kwa zamu, mtu anaweka ya 500 badala ya 1,000, saa tano usiku bomba linakohoa tu. Sasa inalipiwa kwa akaunti tarehe ileile kila mwezi, zile namba 20 zinatupwa kwa grupu na aliye karibu anaingiza. Na kama mnajenga sasa, msikubali kabisa nyumba zote ziwekwe kwa mita moja ati ndio muokoe pesa ya kuunganishiwa. Bei ya yuniti inaangalia wastani wa miezi mitatu, chini ya 30 ni rahisi, 30 hadi 100 inapanda, ikipita 100 inapanda tena. Mkiwa pamoja mtapita tu, na yule anayewasha balbu mbili na kuchaji simu atalipa bei ya mwenye oveni.

Sasa chakula cha Jumamosi, hapo hatuna risiti kabisa na ni kwa makusudi. Unajiandikisha kufikia Alhamisi jioni, 200 mtu mkubwa, 100 mtoto, wapishi wawili wa zamu wanapewa pesa yote na hakuna anayewauliza chochote. Wakitaka nyama ni nyama, wakitaka ndengu na chapati ni sawa, kikibaki kinanunua gesi. Kuna mtu alitaka hapa pia tuweke daftari. Nilikataa. Mpishi akipunja tutaona wote, sufuria iko hapo katikati. Kuna Jumamosi ilikuja pilau ya kuhesabu nyama na kijiko, na zamu iliyofuata wapishi walewale walituwekea nyama mpaka mchele ukajificha.

Wanaochelewa kulipa, tulijaribu faini, ikaleta maneno tu. Wengi walikuwa wanasahau, hao waliweka M-Pesa Ratiba ikawa inatuma yenyewe tarehe tano. Asiye na pesa kweli anamwambia mwenyekiti ama mimi, akiba inamsimamia hadi miezi mitatu, na kwa grupu haitajwi nyumba gani. Wengine mtasema hiyo ni kuficha. Sawa, lakini mtu amepoteza kazi na watoto wake wanacheza na watoto wako, hutaki asome jina lake pale kila asubuhi.

Saa hii tunang'ang'ana na sola ya pampu. Bei mbili zimekuja, fundi wa tatu anasema hatoi bei kabla alipwe 2,000 ya kuja kuangalia. Mimi nikaona hiyo ni chini ya 3,000, nikamwambia soja atoe kwa floti. Akakataa. Akasema floti ni ya kurekebisha, hii ni ya mradi, niende kwa kikao. Nikafungua katiba nikasoma, na ni vile anasema. Kikao ni Jumapili saa nane.