Safari ya Żagań kumfuata babu wa mume wangu

Nilipoolewa nilikuta hadithi kwenye ukoo wa mume wangu, kwamba marehemu babu yake alikuwa jeshi la anga la Uingereza, akatunguliwa, akafungwa na Wajerumani, na huko kambini ni mmoja wa waliochimba lile handaki maarufu la kutorokea la Stalag Luft III, kambi ya wanaanga waliotekwa. Kila Krismasi inasimuliwa upya na handaki linazidi kurefuka. Mi mtu wa Tanga, hadithi za wazee nazipenda, ila nilikuwa najiuliza mbona mwenyewe wanasema hakuwahi kutamka neno, na mbona theluji ikianguka tu alikuwa anafunga mapazia, bibi ndo anatoka na koleo, watoto wakawa wanamcheka baba yao mvivu.

Basi nikaanza mimi, mkaza mjukuu. Kwanza Kew, London, kwenye nyaraka za taifa, kule kalamu ya wino marufuku, penseli tu, begi unaacha nje kwenye loka. Siku ya pili wakaniletea kadi yake ya mfungwa, ile Wajerumani wenyewe walimwandikia, ina picha, alama ya kidole, mpaka jina la ukoo wa mama yake. Kijana wa miaka 22, mashavu yameingia ndani, nikamuona mwanangu mkubwa kabisa.

Tarehe sasa ndo zikanimaliza. Handaki lilitumika usiku wa 24 Machi 1944, wakatoka watu 76, watatu tu ndo walifika salama, 73 wakakamatwa na 50 kati yao wakapigwa risasi kwa amri ya Hitler. Babu alitunguliwa usiku wa 30 Machi akienda Nuremberg, yeye ndo msoma ramani wa ndege, mbalamwezi inawaka, usiku ambao Waingereza walipoteza ndege 95 kati ya 795. Yani karibu wiki nzima baadaye! Wenzie wanatoka shimoni yeye bado yuko Uingereza analala kitandani kwake. Nikamwonyesha baba watoto, akanyamaza weee, alafu akasema tusimwambie baba kwanza, twende tukaone.

Likizo ya shule mwezi wa pili tukapanda ndege mpaka Berlin, tukakodi gari, tukapita Cottbus, tukavuka mto Neisse tukaingia Poland mpaka Żagań, mji ilipokuwa ile kambi. Enzi hizo mji ulikuwa wa Ujerumani ukiitwa Sagan. Baridi we acha tu, nilivaa soksi tatu na bado vidole sivisikii. Pale kuna makumbusho na kibanda walichojenga kufanana na bweni la wafungwa namba 104, handaki lilikoanzia, na njia yake imewekewa alama juu ya ardhi, kama mita 100 kuelekea kwenye misonobari. Mwanangu mdogo akachimbua kwa kiatu, juu udongo wa kijivu, chini mchanga wa njano, hapo ndo nikaelewa kwanini mchanga walikuwa wanauficha kwenye vifuko ndani ya suruali na kuumwaga kidogokidogo, ukionekana tu umekwisha. Ilinifurahisha pia kumkumbuka Cy Grant wa Guyana, mweusi mwenzetu, msoma ramani vilevile, naye alifungwa hapahapa, gazeti la Kijerumani likatoa picha yake likamwita mtu wa "asili isiyojulikana" haha.

Tukaenda kwenye mnara wa wale 50, wafungwa waliujenga wenyewe. Yani babu alifika kambi nzima iko msibani.

Ila kilichonikamata ni habari ya Januari 1945. Warusi wanakaribia, usiku wa kuamkia tarehe 28 Wajerumani wakawatoa wafungwa zaidi ya elfu 10, watembee kwa miguu kwenye theluji kwenda Spremberg, wanavuta vigari vya kuteleza walivyogongelea kwa mbao za vitanda, wanalala kwenye mabanda ya ng'ombe, wengine nje. Hapo babu alikuwepo, hakuna ubishi. Mume wangu alisimama pale barabarani mikono mfukoni, hasemi kitu, mi nikamwacha.

Usiku hotelini tukampigia baba mkwe kwa video, tukamweleza yote, handaki hakuwepo, alitembea. Nilijua atakasirika tumemharibia Krismasi. Mzee akakaa kimya, akavua miwani, akauliza, "Mwanangu, huko sasa hivi kuna theluji?"