Siku moja maishani mwangu: fundi wa kaunta za jikoni, Dar es Salaam

Saa 11:30 alfajiri

Mbagala bado giza. Natia chai kwenye chupa na kukagua begi: tepu, skwea, pima maji, penseli, na kopo la biskuti ambalo siendi nalo popote ila kwa mteja. Ndani mna vipande sita, kila kimoja saizi ya kiganja: graniti nyeusi, graniti ya kijivu yenye madoadoa, marumaru nyeupe, jiwe la kiwandani la kwatsi, tarazo, na ubao wa mninga. Juu yake naweka ndimu mbili na manjano kidogo yaliyofungwa kwenye karatasi. Huu ni mwaka wa 11 nafanya kazi hii.

Saa 2 asubuhi, Kinyerezi

"Shikamoo mama." "Marahaba dada fundi, karibu ndani." Kabla sijakaa, simu imeshawashwa: picha ya jiko jeupe pee, marumaru yenye mishipa ya kijivu, bomba la rangi ya dhahabu. "Nataka hii hii."

Simkatalii. Namuuliza: mama, humu ndani kunapikwa nini, na anapika nani?

Swali hili huwashangaza wengi, maana wanategemea niulize rangi au bajeti. Mama anacheka, kisha anafunguka. Wanapika watatu, yeye, mkwe wake na dada wa kazi. Ijumaa ni pilau la sufuria kubwa. Mwezi wa Ramadhani ni sambusa kila siku na juisi ya ukwaju ya kugawa hadi kwa majirani. Chapati hazikosekani. Kitunguu swaumu kinatwangwa kwenye kinu, na kinu kinakaa juu ya kaunta.

Hapo nimeshapata nusu ya jibu. Namwambia marumaru halisi ni jamaa wa chokaa, na chokaa na kitu kichachu havikai pamoja. Ndimu, siki, ukwaju, hata nyanya vinaila ngozi ya jiwe. Linalobaki si uchafu wa kusugua. Mng'ao unakuwa umekufa mahali pale, na sabuni haiurudishi, mpaka jiwe lipigwe polishi upya. (Mjini tumezoea kuita vigae vya sakafuni marumaru, ndiyo maana mteja huniambia "mbona marumaru za sebuleni hazina shida?" Vile ni udongo uliochomwa, si jiwe hili.)

Maneno hayatoshi. Napanga vipande vyangu sita dirishani, nakamulia ndimu upande mmoja, upande wa pili napaka manjano yaliyochanganywa na mafuta. Tunaviacha nusu saa, mimi napima.

Kimo cha kawaida cha kaunta ni sentimita 90, lakini mama huyu ni mfupi. Namsimamisha, namwomba akunje kiwiko, kisha nashuka sentimita 12 chini yake. Inatoka 86. Mgongo wake utanishukuru kila siku anapokata mboga. Ukuta nao haujanyooka: upande wa dirisha kina ni sentimita 60, kwenye kona 62. Ningepima sehemu moja tu, jiwe lingekuja na mwanya wa sentimita 2 ukutani.

Nusu saa imeisha. Tunaosha vipande kwa sabuni na maji. Marumaru ina duara lililofifia na doa la njano. Tarazo limefifia pia, kwa sababu chenga zake ni za marumaru na kilichozishika ni saruji. Mninga umenywa manjano. Graniti zote mbili ni safi, na kwatsi ni safi.

Mama anaidaka ile kwatsi nyeupe. "Basi hii!"

Namwomba subira. Jiwe hili hutengenezwa kiwandani kwa mawe yaliyosagwa na kushikanishwa kwa gundi ya plastiki. Halinywi mafuta, haliogopi ndimu, kwa nyumba nyingi linafaa sana. Ila gundi ile huanza kuharibika joto likifika nyuzi 150 hivi, na mafuta ya sambusa hufika 170 au 180. Karai likitua pale bila kitu chini yake, alama haitoki tena. Ninaamini mwenye nyumba akiniahidi ataweka kibao kila mara. Lakini humu wanapika watatu, na Ramadhani saa ya kufuturu hakuna anayetafuta kibao.

Imebaki graniti. Mama anaitaka nyeusi inayong'aa kama kioo. Nafungua bomba lake: maji ya kisima, yana chumvi. Namwagia matone kwenye kipande cheusi na kuyaacha yakauke juani. Madoa meupe yanajichora yenyewe. Anaikunja midomo, anaitazama ile ya kijivu. "Ngoja nizungumze na baba yao."

Saa 5 asubuhi, yadi ya mawe

Leo namchagulia jiwe mteja mwingine, wa Tabata, aliyeshaamua nyeusi na maji yake hayana chumvi. Huku ndiko pesa ya mtu huokolewa au hupotea. Nina pamba na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nasugua kona ya bamba la kwanza, pamba inatoka na weusi. Hilo ni jiwe la kijivu lililotiwa rangi, na baada ya miaka litapauka karibu na sinki. La pili, pamba safi. Nalimwagia maji, nasubiri dakika kumi, naona halibadiliki rangi, maana yake halinywi haraka. Nalitazama kwa kulalia mwanga wa jua, natafuta ufa. Nagonga kwa sarafu kutoka ukingo hadi ukingo. Sauti ikiwa kali kote, nalichukua. Ikififia mahali, naliacha hata kama bei ni nzuri.

Bamba la unene wa milimita 20 lina kama kilo 54 kwa kila mita ya mraba. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 inakaribia kilo 100. Linapakiwa kwenye Kirikuu likiwa wima. Likilazwa, shimo moja tu la barabarani linatosha kulivunja katikati.

Saa 7 mchana

Wali, maharage, mchicha. Dakika 20.

Saa 8 mchana, karakana

Tunakata. Maji yanamwagika kwenye diski muda wote, na kila mtu amevaa barakoa ya vumbi, si kitambaa. Juu ya hili sina mzaha na vijana wangu. Vumbi la mawe haya lina silika, madini yale yale ya mchanga, linaganda kwenye mapafu na halitoki. Kwatsi ndiyo mbaya zaidi, kwani silika yake inaweza kupita asilimia 90, wakati graniti huwa chini ya nusu. Australia ilipiga marufuku jiwe hilo la kiwandani kuanzia Julai 1, 2024, kwa ajili ya mapafu ya mafundi. Aliyenifundisha kazi alikata kavu miaka yote, na sasa kupanda ngazi za ghorofa moja kunamchukua mapumziko mawili. Mteja akiniomba nije kukatia nyumbani kwake, bila maji, "ili tumalize haraka", nakataa kazi.

Tundu la sinki nalikata kona zake zikiwa za mviringo. Mwaka wangu wa kwanza nilizikata kali, kama mraba wa daftari, na miezi mitatu baadaye ufa ulianzia konani ukaenda hadi mbele. Nililipa jiwe lile kwa pesa yangu.

Saa 10:30 jioni, Tabata

Kabla ya kupandisha jiwe naweka pima maji juu ya makabati. Upande wa kulia umezama milimita 6: bomba lilivuja, chipbodi imevimba na kulegea. Nasimamisha kazi. Mwenye nyumba amekasirika, alitaka kupikia leo. Namwonyesha kwa kidole ubao unavyobonyea kama mkate. Jiwe la kilo 100 juu ya huo ni ajali inayosubiri mtoto. Anapiga simu kwa seremala. Tunaliegemeza jiwe ukutani, wima, tunafunga kamba.

Saa 1 usiku

Simu inaita nikiwa kwenye daladala, ni mama wa Kinyerezi. Wamekubaliana kijivu chenye madoadoa, kimo sentimita 86, na kinu kitawekewa kigoda chake sakafuni, kisije kikapasua jiwe. Lakini sauti yake bado ina majonzi ya ile picha.

Namuuliza, chapati unasukumia wapi? Kwenye meza, anasema. Namwambia karakana nina kipande cha marumaru nyeupe kilichobaki, sentimita 50 kwa 40, mishipa ya kijivu kama ile ya kwenye simu. Jiwe lile hukaa la baridi, unga haulainiki haraka juu yake, na kwenye chapati hakuna ndimu. Nitamlainishia kingo, nimletee siku ya kufunga kaunta.

"Na lina ile mishipa kweli, dada fundi?"

Lina, mama. Nitakutumia picha kesho asubuhi.