Siku Moja Maishani Mwangu: Kufundisha Mazingira ya Dunia Kutoka Mwanza

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijawasha jiko ninapitia tena andalio la somo. Ninafundisha Jiografia na Mazingira darasa la sita katika shule ya msingi ya umma hapa jijini Mwanza, na leo tunaingia katika mabadiliko ya mazingira duniani. Ninaiheshimu sana mada hii, na pia ninaiogopea. Mwalimu akianza na barafu ya ncha za dunia na misitu ya mbali, mtoto hukariri majina, hufaulu mtihani, kisha huondoka akiamini kwamba mazingira ni shughuli ya watu wengine. Kwa sababu hiyo mimi huanza na ziwa, na humzoesha mwanafunzi kuuliza mambo mawili kuhusu kila anachokiona: kimetoka wapi, na kinakwenda wapi?

Saa 12:15 asubuhi. Ninapitia mwaloni nikiwa na ndoo. Ninamwamkia mzee mmoja anayetengeneza nyavu, naye, baada ya kuitikia marahaba, ananyanyuka mwenyewe na kunivutia kwa kasia shina zima la gugu maji, pamoja na mizizi yake. Anasema wajukuu zake wanalidhani ni mmea wa asili wa hapa. Ninamjibu kwamba hilo ndilo somo la leo.

Saa 1:20 ni usafi na mstari, halafu mahudhurio.

Saa 2:00. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 70, kwa hiyo ndoo inazungushwa dawati kwa dawati. Ninawataka waandike wanachokiona kabla sijasema neno. Wanaandika kwamba kikonyo cha jani kimevimba, kwamba mizizi ni myeusi na laini, imechambuka mithili ya manyoya, na kwamba konokono wadogo wamejificha ndani yake. Msichana mmoja anakata kikonyo kwa wembe wa kuchongea penseli na kugundua kuwa ndani mna vyumba vingi vidogo vya hewa. Anakizamisha kwa kidole, kinaibuka. Anakizamisha tena, kinaibuka tena. Sasa wanaelewa wenyewe kwa nini mmea huu husafiri bila kuhitaji udongo.

Hapo ndipo ninapofungua ramani ya dunia. Asili ya gugu maji ni bonde la Amazon, Amerika ya Kusini. Watu walilipenda kwa maua yake ya zambarau, wakalipeleka mabara mengine kupamba mabwawa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, ambako Mto Kagera umekuwa ukiendelea kulileta. Katika mazingira mazuri utando wake unaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, ukazuia mwanga, ukapunguza oksijeni majini na kufunga njia za mitumbwi. Miaka ya 1990 wataalamu walileta mbawakavu wadogo wanaolila, nao pia asili yao ni Amerika ya Kusini. Mvulana wa nyuma anauliza: "Mwalimu, mbona huko kwao halijawashinda?" Swali hili lina thamani kubwa kuliko nusu ya maelezo yangu. Kwao lina maadui wake wa asili. Hapa lilifika peke yake, likakuta maji yenye joto na yenye rutuba iliyozidi.

Saa 4:00, uji. Mwalimu wa hisabati ananikubalia kutumia kipindi chake cha mwisho, kwa sharti kwamba wanafunzi wakokotoe eneo. Nimekubali kwa furaha.

Saa 4:40. Rutuba iliyozidi imetoka wapi? Tunatembea kwa mistari miwili hadi kwenye Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji na kuingia ziwani. Wanafunzi wanachota maji kwenye chupa ya plastiki angavu na kuiacha itulie kivulini. Baada ya muda mchanga unajitenga chini, tope jembamba linakaa juu yake, na maji yanabaki na rangi ya kahawia isiyotaka kuondoka. Tunazungumzia maji ya vyoo, sabuni, mbolea, na udongo unaoporomoka kwenye vilima vyetu vya mawe miti inapokatwa. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019 imepungua kweli, lakini chupa bado ni nyingi, na watoto wanazionyesha bila kuambiwa.

Saa 7:30 mchana. Kipindi hiki ndicho nilichokisubiri. Ninawapa takwimu mbili: Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa lililoko baina ya Kazakhstan na Uzbekistan, mwaka 1960 ilikuwa na takribani 68,000. Wanachora miraba miwili kwa skeli, inakaribia kulingana. Halafu ninawaambia wachore Aral ilivyokuwa mwaka 2007, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya awali. Darasa linalipuka kwa maswali. Ninawaeleza kwamba serikali ya Kisovieti iligeuza maji ya mito Amu Darya na Syr Darya kumwagilia mashamba ya pamba jangwani, samaki wakafa kwa chumvi, na mji wa wavuvi wa Moynaq ukabaki na meli zilizokaa juu ya mchanga.

Pamba ni zao la nyumbani kwetu Usukumani, hivyo sishangai mwanafunzi mmoja anaposimama na kuuliza kama pamba ya babu yake kule Kwimba itakausha ziwa. Ninampa jibu kamili, kwa maana hofu isiyo na maarifa haimsaidii mtoto. Pamba ya babu yake hutegemea mvua. Aral ililishwa na mito miwili. Ziwa letu hupata takribani asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mengi hurudi angani kwa uvukizi. Kwa hiyo mvua ikibadilika, ziwa hubadilika: mwaka 2020 lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na maji yakaingia katika nyumba za ufukweni. Ninawaeleza pia kwamba Kazakhstan ilikamilisha bwawa la Kokaral mwaka 2005, na upande wa kaskazini wa Aral maji na samaki wamerejea.

Saa 10:00 jioni ninasahihisha. Wengi wameeleza vizuri tofauti ya maziwa haya mawili. Wachache bado wameandika kwamba pamba hunywa ziwa, na hao nitakaa nao kesho kabla ya mstari.

Saa 2:30 usiku. Ninaandika andalio lijalo. Nimechagua kulianza na swali lililoachwa ubaoni na mwanafunzi: maji yetu yakitoka Jinja, mji wa Uganda ambako Mto Nile huanzia ziwani, ni nani anayeyatumia? Jibu linapita Uganda, Sudan Kusini na Sudan hadi Misri, maelfu ya kilomita, hivyo nitahitaji uzi mrefu, ramani ya Afrika iliyo kabatini kwa mwalimu wa taaluma, na vipindi viwili vinavyofuatana.