Acha kuuweka ule mkono wa mashine ya makasia kwenye 10

Jamani mi nilipoanza mashine ya kupiga makasia pale jimu kitu cha kwanza niliupeleka ule mkono wa pembeni ya feni ya mashine (kile kishikio chenye namba 1 mpaka 10) hadi 10, si ndo mazoezi yenyewe bwana? Dakika nne tu kiuno kinalia, mikono imekwisha, na pumzi wala haijashtuka.

Kumbe kwenye mashine hizi za upepo kama za kampuni ya Concept2 zile namba 1 mpaka 10 zinaamua tu hewa kiasi gani iingie kwenye feni, ukifungua sana feni inapoteza kasi haraka, so kila ukirudi kuvuta unakuta imezubaa na unaanza kuiamsha upya, ni kama unapiga kasia kwenye boti zito. Ukishusha namba inakuwa kama mtumbwi mwembamba, unateleza. Ugumu unauleta wewe mwenyewe kwa miguu, sukuma kwa nguvu hata kwenye 3 uone kama hutohema!

Concept2 wenyewe wanasema anzia 3 hadi 5. Mi niko 4, ila 4 ya mashine hii sio 4 ya ile, vumbi likiziba matundu ya feni inakuwa nyepesi (na za jimu nyingi hazisafishwi, tusidanganyane). So kabla sijaanza naingia kwenye menyu ya skrini, natafuta dragi fakta (namba inayoonyesha hewa inaipunguza feni kasi kiasi gani), navuta mara kadhaa nikiiangalia, ikisoma kama 120 hivi naendelea na safari yangu.